Mlima Umepumzika

Kila Jumamosi asubuhi Raziya hufungua kibanda cha matangazo, hufuta kipaza sauti kwa ncha ya mtandio wake, humimina chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, kisha husema kwa ile sauti yake ndogo ambayo spika huikuza hadi sokoni: "Wananchi watukufu, Mlima wenu unawasalimu." Treni huondoka. Hupanda hadi kileleni, hushuka kwa kishindo, huingia Pango la Ushindi upande wa kushoto na kutokea upande wa kulia ikiwa na abiria wake wote, nywele zimewasimama. Hapo Raziya husema, "Karibuni tena kileleni," halafu hunywa chai yake ingali ya moto.

Jumamosi ninayoisimulia, treni iliingia upande wa kushoto. Chai ikapoa.

Nchi yetu sitaitaja jina, kwa sababu jina lake liko kwenye ukarabati. Nitasema tu kwamba ni tambarare kama sinia. Ukimwaga maji, yanasimama palepale yakingoja maelekezo. Kwa miaka mingi hatukuona ubaya wowote katika hilo. Kisha Rais wetu akafanya ziara nchi jirani, akaonyeshwa mlima, akaombwa apige nao picha, akarudi nyumbani amenuna. Wiki ileile ikaundwa Wizara ya Miinuko.

Wizara ikatuletea mlima wa chuma. Una reli juu yake na treni isiyo na paa, ya kupanda taratibu na kushuka kwa kasi mpaka moyo unabaki nyuma, kama zile za kwenye viwanja vya starehe huko ng'ambo. Tuliambiwa kwamba huko ulikotoka ulikuwa umepumzika, na kwamba wenyewe waliulilia sana ulipoondoka.

Hapa inanibidi nieleze desturi yetu moja. Kwetu vitu haviharibiki. Umeme hupumzika. Pampu ya maji ya hospitali hupumzika. Daraja la kaskazini limepumzika ndani ya mto tangu masika ya mwaka juzi, na magari hulizunguka kwa adabu yasije yakaliamsha. Hakuna sheria inayokataza kusema vinginevyo. Ni malezi tu. Mtu akisema kitu kimeharibika, huulizwa kwa upole ni nani aliyekiharibu. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyelitaja jambo hilo kwanza, mazungumzo huwa mafupi.

*

Mimi ni mwanachama wa Chama cha Wapenzi wa Mlima. Tuna banda letu kando ya kibanda cha Raziya, lenye viti vya plastiki na feni iliyopumzika, na humo hukutana kila Jumamosi kuujadili Mlima. Chama kina kamati mbili. Kamati ya Vishindo, chini ya Profesa Kalumbeta, hushughulikia mambo yanayomtia abiria hofu: moshi, ngurumo, giza na mtikisiko. Kamati ya Sura, chini ya Bi Thureya, hushughulikia namna Mlima unavyoonekana kwa mtu aliye mbali, hasa akiwa ndani ya gari la wizara. Kamati hizi hazipendani.

Alama ya chama chetu ni nati. Mlima hudondosha nati, hasa siku za upepo, na mwanachama akiiokota huivaa shingoni kwa uzi. Mimi ninayo moja, tena ndogo. Profesa anazo za kutosha kusikika kabla hajafika. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Mangwela, anazo nyingi kiasi kwamba huinama kidogo anapotembea, na wageni hudhani ni unyenyekevu. Katikati ya nati zake hung'aa kishikio cha mlango, kikubwa, cha shaba.

Kishikio hicho kina historia yake. Pango la Ushindi lilikuja na mlango ubavuni, wenye maandishi kwamba ni wa kutokea wakati wa hatari. Bi Thureya aliuliza kikaoni, "Hatari ipi?" Hakuna aliyekuwa tayari kuitaja. Basi ule mlango ukapakwa rangi, yakachorwa juu yake maporomoko ya maji mazuri sana, ya buluu na nyeupe, na ndege anayeruka. Kishikio kilikuwa kimechomoza katikati ya maji kama pua, kikang'olewa. Tundu la mraba lililobaki likawa jicho la ndege. Kishikio akavishwa Mwenyekiti, kikaitwa Nishani ya Maporomoko. Tulipiga makofi hadi viganja vikatuwasha.

*

Jumamosi hiyo ilikuwa ya kuwaenzi wakunga wastaafu. Treni nzima ilijaa akina mama waliowapokea kwa mikono yao karibu watu wote waliokuwa uwanjani. Miongoni mwao alikuwa Bi Mwatumu, mama yake Raziya, mwanamke mfupi, mchangamfu, ambaye hakujifunza kunong'ona maishani mwake.

"Mangwela!" alimwita Mwenyekiti mbele ya umati. "Umenenepa! Siku unazaliwa ulitanguliza miguu, baba, nikahangaika na wewe mpaka jasho likanitoka mgongoni. Ulikuwa hutaki kabisa kutoka."

Mwenyekiti alicheka, nati zikalia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hicho chuma shingoni, nani kakufunga?"

Watu waliangua kicheko. Raziya aliinamisha uso, kama kawaida yake mama yake anaposema.

"Mama, si lazima upande," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Nimeambiwa naenziwa. Mtu akienziwa anakataaje?"

"Umechoma sindano yako?"

"Nimechoma alfajiri. Sukari yangu iko sawa, usinitie aibu mbele za watu. Nikishuka nitakula kiazi changu."

Alikuwa na mkoba wa kitambaa, ndani yake kiazi kitamu cha kuchemsha kilichofungwa kwenye jani la mgomba, na pipi za glukosi kama ikitokea kiazi kikachelewa. Aliutia mkoba kwapani akakaa kiti cha mbele. Bi Thureya akaja mbio.

"Mkoba hapana, mama yangu. Mikoba inaharibu mstari wa treni. Ukiitazama kwa mbali, inakuwa kama ina vidonda."

"Chakula changu kimo humo."

"Ni mzunguko mmoja tu, mama. Utaukuta."

Bi Mwatumu akampa Raziya mkoba. "Shika. Na usikibonyeze hicho kiazi, kimeiva sana."

Treni ikapanda. Kileleni tulimwona Bi Mwatumu akipunga mkono. Kisha ikashuka, moshi ukafoka, mabati ya ngurumo yakapigwa, na treni ikaingia pangoni kwa kishindo ambacho si cha kawaida yake, kama kabati lililoanguka na vyombo vyake.

Raziya alikuwa ameshashika kipaza sauti, mdomo umefunguka tayari kwa "Karibuni tena." Akabaki hivyo.

*

"Sikilizeni!" Profesa Kalumbeta aliinua kidole. "Sikilizeni hayo mayowe! Wiki iliyopita yalikuwa yanatoka kooni. Leo yanatoka tumboni."

"Ni ya kanda ya kurekodi, Profesa?" mtu mmoja aliuliza.

"Kanda gani, ndugu yangu? Kanda haiwezi kupaliwa na moshi namna hiyo. Wizara imeleta mtambo wa mayowe."

"Mimi huo moshi wako unanichefua," alisema Bi Thureya. "Unanitia masizi kwenye maporomoko yangu."

"Wewe Thureya ungependa mlima uliopigwa pasi."

"Na wewe ungependa mlima unaokohoa!"

Tulicheka sana. Nakumbuka kwamba tulicheka sana, na kwamba tulipomaliza kucheka mayowe yalikuwa bado yanaendelea, na kwa kitambo kidogo hakuna aliyemtazama mwenzake.

Raziya akaja bandani, mkoba kaukumbatia kama mtoto. Alisimama pembeni hadi Mwenyekiti alipomwona.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo. Samahani kwa usumbufu."

"Marahaba, binti. Sema."

"Naona kama treni... imepumzika kidogo."

"Vizuri," alisema Mwenyekiti. "Hata mimi ningepumzika. Humo ndani kuna ubaridi."

"Mama yangu yumo."

"Hongera sana!"

Raziya alishukuru na kuondoka.

Naomba ieleweke kwamba sote tulimwelewa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa hajui maana ya maneno yake. Ndiyo maana hakuna aliyenyanyuka: jambo likishaeleweka na kila mtu, pana haja gani ya kulisumbua zaidi?

Kutoka bandani nilimwona akienda pangoni. Pale penye maporomoko alisimama askari kijana, mrefu, mwenye kofia iliyomzidi kichwa.

"Kaka, naomba unifungulie mlango."

"Mlango upi, dada?"

"Huu hapa."

Askari aligeuka akatazama. "Hapo pana maporomoko."

"Chini ya rangi ni mlango. Wewe mwenyewe ulikuwepo wakati unapakwa rangi."

"Dada, mimi nimepangiwa kulinda maporomoko. Mlango sijapangiwa." Kisha akainama na kushusha sauti, lakini upepo ulikuwa upande wetu. "Shangazi yangu yumo humo. Unadhani mimi sisikii? Lakini hata nikitaka, utaushika wapi? Kishikio hakipo."

Wote wawili wakageuka kulitazama banda letu. Mwenyekiti alikuwa amekaa juani kidogo, na shaba ilikuwa inameremeta kifuani pake kiasi cha kuumiza macho. Raziya alilitazama lile jambo kwa muda mrefu. Halafu akashusha macho, kama mtu aliyechungulia chumba cha watu kwa bahati mbaya.

*

Jua lilikuwa linaelekea utosini wakati Waziri wa Miinuko alipowasili kuwapongeza wakunga. Alikuta viti vyao kwenye jukwaa viko wazi, akaelezwa hali ilivyo kwa maneno yanayofaa. Hakubabaika. Waziri asiyejua kuhutubia viti vitupu hajakomaa.

"Wananchi watukufu!" alianza. "Katika nchi za wenzetu, treni huingia pangoni na kutoka papo hapo, kama mtu aliyekosea nyumba. Ya kwetu imeingia, ikatulia, ikatafakari! Nauliza, ni taifa gani duniani lenye treni inayotafakari?"

Tulikiri kwamba hakuna.

"Wakunga wetu walitumia maisha yao kuwatoa watu gizani. Leo Serikali yenu sikivu imeona ni wakati muafaka nao wapate nafasi ya kukaa humo, bila haraka, bila bughudha!"

Makofi yakapigwa, ingawa si ya pamoja. Yalianza upande mmoja na kufika upande wa pili yakiwa yamechoka. Waziri akamwita Raziya na kumpa maneno ya kutangaza. Raziya akarudi kibandani. Kabla hajawasha spika aliweka mkoba mezani, akafungua jani la mgomba, akagusa kiazi kwa mgongo wa kidole, akalifunga tena.

"Wananchi watukufu," sauti yake ikasema juu ya vichwa vyetu na juu ya soko, "Mlima wenu unatafakari."

Ilitetemeka kwenye neno la mwisho. Profesa alisema mtetemo ule ni ubunifu mzuri, utumike hata siku za kawaida.

Hapo ndipo ulipoanza ugongaji. Ulitoka nyuma ya maporomoko: mtu alikuwa anagonga chuma kwa kisigino cha kiatu, anapumzika, anagonga tena.

"Ngoma!" Profesa aliruka. "Jamani, wameongeza ngoma!"

Mjumbe mmoja aliinuka akatikisa mabega, akacheza hatua chache. Alipoona hakuna anayemfuata akajifanya ananyoosha mgongo, akaketi.

"Raziya!"

Hiyo haikuwa spika. Ilikuwa sauti ya mtu, na ilitoka kwenye jicho la ndege.

"Raziya! Mwanangu! Nasikia kizunguzungu, Raziya!"

Profesa Kalumbeta alishika kichwa kwa mikono miwili. Machozi yalimlengalenga, na sitaki kumsingizia, yalikuwa machozi ya kweli. "Jina," alisema. "Mtambo unaita kwa jina! Mnaelewa ukubwa wa jambo hili? Kila mwananchi aliyeko hapa atadhani anaitwa yeye."

"Lakini Raziya hapa ni mmoja tu," nilisema.

Banda zima likanigeukia. Mwenyekiti naye aligeuka, polepole, kwa sababu ya uzito.

"Labda ni bahati tu," niliongeza upesi, nikaishika nati yangu. Ilikuwa ya moto kwa jua.

"Ni bahati," alikubali Mwenyekiti. Lakini nilimwona mkono wake. Ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye kile kishikio, ukakizunguka, ukakiachia, kama mtu anayejaribu mlango kuona kama umefungwa.

Raziya alitoka kibandani mbio. Hakwenda kwa askari, alikuja moja kwa moja kwetu, akapiga goti mbele ya Mwenyekiti kama tunavyofunzwa sisi mabinti, na jasho lilikuwa limemlowesha mtandio.

"Mheshimiwa, samahani sana, naomba kwa heshima zote. Hiyo nishani yako nzuri. Nilikuwa nafikiri kama ingewezekana, kwa muda mfupi tu, ikatembezwa mpaka pale kwenye maporomoko. Ikapumua hewa ya kwao."

Mwenyekiti alimwangalia Waziri. Waziri alikuwa anaangalia kilele cha Mlima kwa umakini mkubwa, kama mtu anayesoma.

"Binti yangu," alisema Mwenyekiti, na sauti yake haikuwa mbaya, "wazo lako ni zuri. Litaingizwa kwenye kikao kijacho."

"Rangi yangu itachubuka," Bi Thureya alinong'ona, ingawa hakuna aliyekuwa ametaja kufungua kitu chochote.

Raziya aliinuka. Vumbi lilibaki kwenye magoti yake. Alirudi kibandani taratibu, akakaa mbele ya chai yake iliyopoa.

*

Mayowe yalikuwa yamepungua bila sisi kutambua, kama mvua inavyopungua. Kisha yakabaki ya mtu mmoja mmoja. Kisha kiatu nacho kikagonga mara moja, kwa uvivu, tukangoja mara ya pili. Haikuja.

Mtoto alilia mahali fulani akanyamazishwa. Muuza karanga aliacha kutikisa kopo lake. Askari wa maporomoko alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akabandika sikio lake kwenye maji ya buluu.

"Ukimya," alisema Profesa Kalumbeta. Alikuwa anajaribu kutabasamu, lakini tabasamu halikukaa mahali pake. "Huu sasa... huu ndio ufundi wenyewe. Nani angefikiria ukimya?"

Alitutazama, mmoja mmoja, akitafuta wa kumwitikia. Bi Thureya alikuwa anatazama miguu yake. Nami nilikuwa nataka kusema kitu. Nilikuwa nacho hapa mdomoni, kizima, na nilikuwa nangoja mtu aniulize.

Spika zikakoroma. Tuligeuka kibandani. Raziya alikuwa amesimama, mkoba wa mama yake umening'inia begani, na kipaza sauti kilikuwa karibu mno na midomo yake hivi kwamba tulisikia pumzi yake kabla ya maneno. Safari hii hakukifuta. Sauti ilikuwa ileile ndogo. Lakini uwanja ulikuwa umenyamaza sana, ikatosha.

"Treni imeharibika," alisema.

Mlinzi wa Waziri alimtazama Waziri ili ajue kama Waziri amesikia. Huko sokoni mbuzi alilia, akakoma.

"Haijapumzika. Haitafakari. Imeharibika, na walio ndani si mtambo, ni mama zetu. Mama yangu amechoma sindano na hajala, na chakula chake ninacho mimi. Pale palipochorwa maji ni mlango. Mangwela, kishikio chake umekivaa wewe. Ulipokwama wewe, mama yangu alikutoa. Kilete."